Jogoo wa Mizani Kumi na Sita

Shairi la arudhi lina faida moja ambayo wenzetu wa mashairi huru hawaijui: halihitaji meza. Unaweza kulitunga ukikanda unga wa chapati, ukisuka binti nywele au ukiwa kwenye foleni ya maji. Vidole tu vinatosha. Mizani, yaani silabi, nane huku, nane kule, vina vikae mahali pake, basi. Kwangu mimi hapa Lanet, Nakuru, ambako meza tuliyo nayo ni ya kazi za shule na ya Baba Baraka kufungulia redio zisizofungika tena, vidole ndiyo ofisi yangu.

Wiki ile nilikuwa na shairi la ziwa letu. Wanaolikumbuka Ziwa Nakuru la zamani wanajua jinsi ukingo ulivyokuwa waridi kwa heroe. Ndege hao hula mwani unaopenda maji ya magadi. Mvua zilipolijaza ziwa, magadi yakazimuliwa, nao wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Mshororo wa kwanza ulinijia nikimenya viazi, ukaja mzimamzima:

Heroe wameondoka, ziwa wameacha pweke,

Wa pili ukakwama. "Maji nayo yafurika, yapoteza magadi yake." Hesabu mwenyewe hicho kipande cha pili. Tisa. Nikausonga na ugali, tisa. Nikaufua na sare za shule, tisa.

Jumatano usiku nilikaribia. Watoto wamelala, Baba Baraka anakoroma, mimi na daftari la duka tuko jikoni. Mlango ukafunguka.

"Mama, mwalimu alisema kesho tupeleke maganda ya mayai."

"Mangapi?"

"Ishirini."

Saa nne usiku! Sisi tulikuwa na mayai matatu. Nikajitanda leso nikaenda kubisha kwa jirani, na hebu mwambie mtu aliyeamshwa usingizini kwamba huombi mayai, unaomba maganda. Alinipa, lakini alinipa kwa kunyosha mkono kutoka mbali, na tangu siku hiyo hufagia mlango wake mwenyewe kabla sijapita.

Jumapili tukaenda kanisani. Kitinda mimba akalala mapajani mwangu kabla ya wimbo wa pili. Mhubiri akafungua kitabu, akaanza habari za chumvi ya dunia, nami nikashtuka nusura nimwangushe mtoto. Chumvi! Chu-mvi. Silabi mbili! Mengine aliyohubiri sikuyasikia.

Baada ya mahubiri kukaja mnada wa sadaka. Kwa asiyeujua, muumini asiye na pesa huleta alichojaliwa, mkungu wa ndizi, trei ya mayai, kuku, navyo huuzwa palepale mbele kwa anayepanda bei zaidi. Siku hiyo kulikuwa na sukuma wiki, maboga, na jogoo mmoja mwekundu aliyefungwa miguu kwa kitambaa, mwenye jicho la askari wa kaunti.

Mwili wangu ulikuwa kwenye benchi, akili iko ziwani. Mtoto alikuwa ameniegemea kifuani, kwa hiyo mikono ikabidi nihesabie juu ya kichwa chake. Nikafumba macho. Ya-po-te-za-chu, mkono wa kulia umejaa. Mvi-ya-ke, vitatu vya kushoto. Nane! Nikaviinua vidole vyote nane kwa furaha.

Kumbe jogoo alikuwa amefika mia sita.

"Mia nane, pale nyuma!" akaita mzee wa mnada. Haya nasimuliwa, mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nimerudi kuhakikisha kipande cha kwanza. Ma-ji-na-yo-ya-fu-ri-ka. Nane tena, juu.

"Mama Baraka anajipandia mwenyewe! Mia nane juu ya mia nane! Elfu moja na mia sita! Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu..."

Makofi ndiyo yaliyonifumbua macho. Na kusema kweli, kwa nukta moja hivi, nilidhani wanaupigia mshororo.

Ubeti wa tarbia una mishororo minne, mizani sitini na nne. Ningalipata yote siku hiyo, ningalitoka pale nikidaiwa 6,400. Hizo 1,600 zenyewe zilikuwa za gesi. Nikamtumia mweka hazina kwa M-Pesa, nikakabidhiwa jogoo kichwa chini.

Baba Baraka hakusema neno mpaka tukafika stejini.

"Mama Baraka."

"Ee."

"Si tulikubaliana hiyo ni pesa ya gesi?"

"Ni chumvi," nikamwambia, bado nimelewa. "Si magadi. Ni chumvi."

Akanitazama, akamtazama jogoo. "Kwani na chumvi pia imeisha?"

Wali wa kuku tulioutarajia haukupikwa. Watoto walishampa jogoo jina kabla hatujashuka matatu, na mwenye jina hachinjwi kwetu. Alilala jikoni, kando ya jiko la makaa lililochukua nafasi ya gesi, akawa anawika saa tisa za usiku, ile saa pekee ambayo nyumba ile hunyamaza. Akiwika, kitinda mimba analia. Kitinda mimba akilia, daftari linafungwa.

Jumapili iliyofuata mzee wa mnada alianza kunitazama tangu sala ya kufungua. Baba Baraka naye akaona. Akainyakua mikono yangu yote miwili akaibana kwenye magoti yake, ibada nzima, hata wakati wa kuimba. Watu wanapiga makofi, sisi tumeshikana.

Mwenyekiti wa kina mama akaja amelengwalengwa na machozi. Eti hajapata kuona wanandoa wa umri wetu wakipendana hadharani hivyo. Je, tungekubali kuja kuzungumza na vijana wanaojiandaa kuoana?

Baba Baraka akakubali palepale, upesi upesi, bila kuniachia, maana nyuma ya yule mama, mzee wa mnada alikuwa ameshainua boga.