Nilivyotangazwa uwanja mzima kisa soksi

Ndege nyingi cheki-in ya onlaini inafunguliwa masaa 24 kabla ya safari, na mimi inafunguliwa tu nilikuwa nishakaa na pasipoti mkononi kama mtu anasubiri matokeo, maana nilikuwa naitaka siti ya dirishani na ile ya katikati siitaki hata kuisikia. Programu ikaniambia nipige picha ile mistari miwili ya chini ya pasipoti yenye vimishale <<<< kibao. Nikapiga, haisomeki. Nikasogea kwenye taa, inang'aa. Nikahamia mlangoni, kivuli cha kichwa changu. Basi tukabembelezana mpaka ikakubali, bodingi pasi ikaingia kwenye simu na kile kimraba chake cha vidoti vidoti, siti ya dirishani ipo, bwana siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Begi sikufunga mimi. Alifunga mdogo wangu, ambaye kwa kupanga nguo namvulia kofia, shida yake moja tu, hakwambii nini kaweka wapi.

Uwanjani nikaenda kaunta ya kuacha mizigo, mzani ukasoma kilo 22.6 na mwisho ni 23, nikashusha pumzi. Dada wa pale akakagua viza, akaangalia kama pasipoti haiishi karibuni, kisha akaniuliza nikuprintie bodingi pasi? Nikamwambia usihangaike dada yangu, kila kitu kipo kwenye simu. Akaniangalia kidogo. Akasema haya. Begi likaondoka na mkanda likapotelea kwenye yale mapazia ya raba.

Sasa simu yenyewe tangu asubuhi ukoo mzima unapiga kuniaga, shangazi peke yake alinisomea dua ya safari nzima na ya kurudi juu, kwa hiyo nafika kwenye viti vya getini chaji inasoma asilimia 3. Nikaingiza mkono kwenye begi la mgongoni nichukue pawabenki. Hamna. Nikamwaga vitu vyote kitini, hamna. Nikampigia dogo, we pawabenki uliweka wapi? "Ah kaka, ile si nimekuwekea kwenye..." Simu ikazima.

Huku spika nazo hazinyamazi, zinamwita abiria mmoja anaitwa sijui Abdalamara, Abdalamara afike kwenye dawati haraka, wakarudia tena na tena mpaka nikamwonea huruma huyo Abdalamara, nikasema huyu jamaa ni mzembe kweli, watu tutacheleweshwa na mtu mmoja yuko zake anazurura madukani.

Nikanyanyuka kwenda dawatini kuomba waniprintie karatasi. Dada wa pale akachukua pasipoti, akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi. "Kumbe ndo wewe! Tunakuita muda wote huu!" Akanigeuzia skrini nijionee, ABDALLAHMR, ile MR ya bwana imegandishwa kwenye jina bila hata nafasi, ndo tiketi za ndege zinavyoandika. Watu wa kwenye viti wote shingo zimegeuka. Yule mzembe kapatikana.

Nikapelekwa chumba cha nyuma, begi langu liko mezani, na afande mmoja mtu mzima amevaa glovu. Shikamoo afande. "Marahaba. Fungua." Eksirei ilikuwa imeonyesha betri ndani na pawabenki hairuhusiwi kabisa kwenye mzigo wa chini, maana zile betri za lithiamu zikiwaka moto kule hakuna mtu wa kuuona mapema, ila ukiwa nayo juu wahudumu wataiwahi. Basi nikaanza kufukua mbele ya afande, boksa moja baada ya nyingine, yeye katulia tu. Hamna. Akanionyesha viatu kwa kidole. Ndani ya kiatu kuna soksi, ndani ya soksi kuna soksi nyingine, ndani ya hiyo ndo pawabenki imelala.

Nikajua imeisha. Kumbe mtihani bado, afande akawasha tochi asome maandishi yaliyofutika futika, akatoa kikokotoo: miliampia-saa 20,000 mara volti 3.7, gawa kwa 1,000, jibu wati-saa 74, na bila kibali mwisho ni 100. Yangekuwa hayasomeki ningeiacha pale pale. Akanikabidhi. "Hii unaibeba mkononi. Na soksi rudisha."

Nikarudi getini mbio, karatasi mkono mmoja pawabenki mkono mwingine, nikachomeka simu. Ikawaka, meseji za dogo zikaingia mfululizo.

"Kaka iko kwenye soksi."

"Ndani ya kiatu cha kushoto."

"Nimeifunga mara mbili isije ikaibiwa 😂"