Kamba Imefika Hydra, Sisi Bado

Najua video mmeshaiona, kwa hiyo tusizungushane. Jamaa yangu wa Tanga, ambaye kuanzia leo simwiti tena jamaa yangu, ameimwaga kwenye kila kundi la WhatsApp na kuiandikia "Baharia wa Lamu". Ameweka pale nilipotumbukia baharini tu. Ya kabla kaificha, na utamu wote uko kabla.

Tulikodi mashua ya matanga pale Alimos, Athens, tuzunguke visiwa vya Ghuba ya Saronic. Ugiriki hawakupi chombo hivi hivi: wanataka nahodha mwenye cheti, na mtu wa pili atie saini kwamba bahari anaijua. Nahodha tulikuwa naye, Mjerumani mmoja mpole. Mtu wa pili je? Macho yote kwangu. "Si wewe mtu wa Lamu?" Nikatia saini. (Mama, kama unasoma, ishia hapa.) Majahazi nayajua sana tu, kwa kuyatazama yakipita nikiwa nimekaa gatini na kahawa yangu.

Aegina tukala pistachio, Poros tukapenya ule mkondo mwembamba mbele ya mji wa Galatas, mambo shwari. Kisha Hydra. Hydra hakuna magari, mizigo hubebwa na punda na nyumbu. Nilipowaona punda wamejipanga bandarini nikasema hapa ni kwetu kabisa. Kichwa kikavimba. Nikavua fulana. Msiniulize kwa nini nilivua fulana.

Bandari yenyewe ni ndogo, na imezungukwa na mikahawa ambayo wateja wake, nadhani, hulipia kutazama wanaoegesha vibaya. Unaangusha nanga mbali kidogo, unarudi kinyumenyume mpaka tezi, yaani nyuma ya chombo, ikaribie gati, halafu unarusha kamba za nyuma. Ya kulia nikapewa mimi.

Nikaikunja mkunjo kwa mkunjo, kizee. Gatini babu mmoja mwenye masharubu akanyoosha mikono. Nikarusha. Jamani, ule mrusho! Kamba ikajifungua hewani, ikavuka maji, ikatua viganjani mwake bila yeye hata kuinama. Mkahawani mtu akapiga makofi. Nikainamisha kichwa kushukuru.

Babu akavuta. Akavuta tena. Kamba inamjia laini, laini mno, na mashua haina habari. Akaendelea kuvuta mpaka ncha ya pili ikaibuka majini, ikapanda ukuta wa gati ikichuruzika, ikamfikia. Sasa babu kashika ncha zote mbili. Akazitazama. Akanitazama. Nami nikazitazama kwa makini, huenda moja ni ya mtu mwingine.

Nyuma yangu, kwa upole ule ule: "Uliifunga huku kwanza?"

Upepo haukungoja jibu. Tezi ikaanza kuhama kando, taratibu, kuelekea mashua ya jirani. Bibi mmoja alikuwa humo anakula tikiti. Akanyoosha mguu kutusukuma, tikiti hakuliweka chini. Nikaona niokoe chombo. Nikaruka. Naapa nilipoanza kuruka gati lilikuwa karibu.

Hapo ndipo video inapoanzia, na mnaocheka kwamba nilipiga kelele, ile ilikuwa amri kwa mabaharia wenzangu.

Nikaopolewa, babu akanirudishia kamba bila neno, nahodha akafunga mwenyewe, tukala. Asubuhi nanga yetu ikapanda na mnyororo wa jirani, lakini hilo mkamuulize nahodha. Ami yangu wa Shela, huyo ndiye nahodha kweli, kanitumia ujumbe wa sauti: kicheko mwanzo mpaka karibu na mwisho, kisha "Kijana, unatujua sisi?" Akakata.

Kesho ni Spetses. Kwenye karatasi mimi bado ni mtu wa pili wa chombo. Kwenye chombo nakata matango.