Boila ikifa Januari: mpangaji wa England adai nini, na adai vipi

Kwa wiki tano za majira ya baridi, kazi yangu ya kwanza kila alfajiri ilikuwa kupiga magoti mbele ya kabati la jikoni, kufungua vali mbili zilizo chini ya boila, mtambo unaochemsha maji ya kupasha nyumba joto, na kuangalia mshale wa geji ya shinikizo la maji ukipanda polepole kutoka sifuri hadi ukafika kati ya 1 na 1.5. Nilifunga vali, nikaiwasha boila, nikasikia redieta zikigongagonga kwa maji ya moto yanayopita, na kabla ya magharibi mshale ulikuwa umerudi chini pale pale. Wakala wa nyumba alikuwa na jibu moja kwa simu zangu zote: ongeza maji. Fundi alikuja mara mbili, kila mara akabadilisha kifaa kimoja, na mara ya pili aliniambia wazi, huku akifunga mkoba wake, kwamba boila ile imechoka na kwamba amekwisha kumweleza mwenye nyumba hivyo. Mwenye nyumba hakutaka kabisa kusikia habari ya boila mpya.

Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wanaozungumza Kiswahili na kupanga nyumba England, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zake. Nimekaa na familia nyingi za kwetu zilizopatwa na mkasa kama wangu, na nimeona kosa linalojirudia. Tunadai kitu ambacho sheria haikutuahidi, tunakidai kwa maneno matupu yasiyoacha alama, na tunapochoka tunasimamisha kodi, jambo ambalo humpa mwenye nyumba silaha ambayo hakuwa nayo.

Tuanze na dai lenyewe. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 1985 kinamtaka mwenye nyumba aitunze mitambo ya kupasha nyumba joto na ya kuchemsha maji ili iwe nzima na ifanye kazi ipasavyo. Hakisemi mitambo hiyo iwe mipya. Maana yake ni kwamba ukiandika "naomba boila mpya", umemfungulia mlango wa kujibu kwamba anatengeneza, na atatengeneza mwaka mzima, kifaa baada ya kifaa. Ukiandika kwamba nyumba haina joto tangu tarehe fulani, kwamba fundi amekwisha kuja mara mbili na hitilafu imerudi, na kwamba unataka mfumo ufanye kazi ipasavyo kama kifungu cha 11 kinavyoagiza, umemwachia yeye mzigo wa kuamua njia, lakini umemfunga kwenye matokeo. Pale ambapo matengenezo hayawezi tena kuleta matokeo hayo, kubadilisha boila ndiyo matengenezo yenyewe. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha barua yenye nguvu na barua ya kuomba huruma.

Wajibu huo hauwezi kuondolewa na mkataba. Ukikuta sentensi inayosema kwamba mpangaji atagharimia boila mwenyewe, sentensi hiyo haina nguvu hata kama uliiwekea sahihi. Na hata asiye na mkataba wa maandishi, aliyepangishwa kwa kupeana mikono, analindwa na kifungu hicho hicho. Hali ni ngumu zaidi kwa aliyepewa chumba ndani ya nyumba anamoishi mwenye nyumba mwenyewe, kwa sababu huyo mara nyingi hahesabiwi kuwa mpangaji kamili; huyo akapate ushauri kabla ya kuandika lolote.

Kuna mlango wa pili ambao wengi hawaujui. Sheria ya Nyumba Kufaa kwa Makazi ya Binadamu ya 2018, iliyoanza kutumika tarehe 20 Machi 2019, inamruhusu mpangaji kwenda mahakamani moja kwa moja ikiwa nyumba haifai kukaliwa, na baridi kali ni mojawapo ya hatari zinazohesabiwa. Umuhimu wake ni kwamba haiishii kwenye kitu kilichoharibika. Nyumba ambayo hita zake zinawaka vizuri lakini ni dhaifu kiasi kwamba sebule haipiti nyuzi 14 usiku inaweza kuhesabiwa kuwa haifai, hata kama fundi ataapa kwamba mtambo ni mzima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linapendekeza joto la ndani lisilopungua nyuzi 18 za Selsiasi, na mwongozo wanaoutumia wakaguzi wa England unaeleza kwamba chini ya nyuzi 16 hatari kwa afya huwa kubwa, hasa kwa wazee. Kwa hiyo nunua kipimajoto. Hakigharimu zaidi ya pauni chache. Kiweke sebuleni mbali na dirisha, na upige picha asubuhi na usiku, picha ioneshe tarehe.

Hapa ndipo msemo wetu wa mali bila daftari hupotea bila habari unapotimia. Mahakama ya England inaanza kuhesabu wajibu wa mwenye nyumba tangu siku alipojulishwa kuhusu ubovu uliomo ndani ya nyumba, na anayejulishwa kwa simu ana nafasi ya kusema hakuambiwa. Baada ya kila simu, andika barua pepe fupi ya kurudia yaliyosemwa: leo saa nne asubuhi nilikueleza kwamba boila imezima, ukaniambia fundi atakuja Alhamisi. Andika ndani ya nyumba mna nani. Mtoto mchanga, mama mjamzito, mzee mwenye pumu au mgonjwa wa selimundu, ambaye baridi inaweza kumwamshia maumivu, wote wanabadilisha uzito wa jambo. Sheria haikutaja idadi ya siku. Inasema muda unaofaa, na muda unaofaa kwa nyumba isiyo na joto Januari, yenye mtoto wa miezi mitatu, haufanani na ule wa bomba linalodondosha matone Julai. Sisi kwa malezi yetu tunaona haya kutaja maradhi ya nyumbani kwa mtu baki. Katika barua hii, yataje.

Soma mita pia. Mwenye nyumba akikuletea hita mbili za umeme na kukuambia utumie hizo kwa muda, andika namba za mita siku hiyo hiyo, kwa sababu umeme hapa hugharimu takribani mara nne ya gesi kwa kipimo kile kile, na tofauti hiyo unaweza kuidai. Hita za kubeba ni za siku chache tu. Tarehe 9 Januari 2022, katika jengo moja la Bronx jijini New York, moto uliowashwa na hita ya umeme ulisababisha vifo vya watu 17, wengi wao wenye asili ya Afrika Magharibi. Zimeni hita kabla ya kulala, na msiziunganishe kwenye waya wa kurefushia umeme.

Barua zisipojibiwa, nenda kwenye halmashauri ya mji, yaani kaunsili, uulize idara ya afya ya mazingira. Wakaguzi wake ni kama mabwana afya tunaowajua nyumbani, ila hawa wana meno. Chini ya Sheria ya Makazi ya 2004, mkaguzi akiona hatari ya daraja la kwanza, yaani ile kubwa zaidi, halmashauri ina wajibu wa kuchukua hatua, na hatua ya kawaida ni kumpa mwenye nyumba notisi ya matengenezo yenye kazi zilizotajwa na tarehe. Asipoitii, anafanya kosa la jinai au anatozwa faini inayoweza kufika makumi ya maelfu ya pauni, na mpangaji anaweza kuomba baraza la nyumba, yaani mahakama ndogo ya kesi za nyumba, liamuru arudishiwe kodi aliyolipa: hadi miezi 12 kwa sheria iliyokuwapo, na hadi miaka 2 kwa Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025. Huduma hii haina malipo, na unaweza kuomba mkalimani. Kwa mwenye ukaazi halali, kulalamikia boila hakuhusiani kwa namna yoyote na viza yake. Nalisema hili kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote.

Nisiwapambe wakaguzi. Idara nyingi zina watu wachache, na utapiga simu mara nyingi kabla ya kupata miadi. Lakini kwangu mimi, barua pepe iliyosema kwamba mkaguzi atafika Jumanne ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Wakala aliyekuwa akiniambia niongeze maji aliniuliza jioni ile ile kama fundi anaweza kuja Jumatatu kupima ukubwa wa boila mpya.

Sasa kodi. Ninaelewa hasira ya kulipa pauni 1,100 kwa nyumba ambayo pumzi yako inaonekana kama moshi, na ninajua wanaume wazima walioamua kwamba hawalipi hata senti mpaka joto lirudi. Nawaomba wasifanye hivyo. England haina utaratibu wa kawaida wa kumkabidhi karani wa mahakama kodi yako aishike mpaka matengenezo yafanyike, kama ulivyo katika baadhi ya majimbo ya Marekani, kwa mfano Ohio, ambako ndugu zetu wengi kutoka Kongo wanaishi. Hapa deni ni deni. Unaweza kujitetea mahakamani kwa kudai fidia ya ubovu wa nyumba dhidi ya deni hilo, lakini utakuwa unapigana ukiwa umesimama ukingoni, na hukumu ikikuendea vibaya, unatoka nyumbani.

Ipo njia iliyotambuliwa na mahakama tangu 1971, ya kutengeneza mwenyewe na kukata gharama kwenye kodi ijayo. Inakubalika tu ukiifuata hatua kwa hatua: kumwandikia mwenye nyumba kwamba utafanya hivyo, kumpa muda, kumpelekea makadirio ya mafundi kadhaa, kumpa muda tena, kisha kumpelekea risiti. Inafaa kwa pampu au kidhibiti joto cha ukutani. Kwa boila nzima, ambayo kwa kawaida hupita pauni 2,000 na ni mali ya mwenye nyumba, sishauri mtu aiguse bila idhini ya maandishi. Na yeyote atakayegusa gesi lazima awe kwenye rejista ya Gas Safe, orodha ya mafundi walioruhusiwa kisheria kushika mitambo ya gesi. Muombe kitambulisho, ugeuze nyuma, usome ameruhusiwa kushika mitambo gani. Fundi huyo akiona boila ni hatari ataizima na kukuachia karatasi ya onyo. Ihifadhi kama hati ya shamba, maana ni ushahidi wa mtaalamu asiye upande wako wala wa mwenye nyumba.

Hofu kubwa ya wapangaji ilikuwa notisi ya kifungu cha 21, iliyomwezesha mwenye nyumba kumtoa mtu bila kutaja sababu. Nimeona familia zikiishi bila maji ya moto majira mazima kwa kuiogopa. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imeifuta kwa wapangaji wa nyumba za watu binafsi kuanzia tarehe 1 Mei 2026, na tangu hapo mwenye nyumba lazima awe na sababu iliyotajwa na sheria na aithibitishe. Malimbikizo ya kodi ya miezi mitatu ni mojawapo ya sababu hizo, na hilo linaongeza uzito wa nilichosema juu ya kuendelea kulipa.

Jambo linaloniuma zaidi linahusu sisi kwa sisi. Wengi wetu tumepangishwa na watu wa kwetu, mzee wa msikitini, dada wa kanisani, mtu aliyetupokea uwanja wa ndege. Boila ikifa, tunaambiwa subira huvuta heri, na anayemwandikia kaunsili anaitwa mtovu wa shukrani. Nimekaa katika sebule ya mama mmoja kutoka Bukavu aliyewavisha watoto wake makoti ndani ya nyumba kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mshenga wa harusi yake. Niliona doa jeusi la kuvu limepanda kutoka pembe ya dirisha hadi juu ya kitanda cha mtoto, kwa kuwa nyumba isiyopashwa joto hukusanya unyevu ukutani, na unyevu huo huzaa kuvu. Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili mwenye wazazi kutoka Sudan, alifariki Desemba 2020 huko Rochdale, na uchunguzi wa Novemba 2022 ulithibitisha kwamba kuvu wa nyumba waliyopanga ndio uliomuua. Baba yake alikuwa amelalamika kwa miaka. Heshima kwa mshenga haimzuii mama yule kumwandikia barua ya adabu yenye tarehe. Nilimsaidia kuiandika, ikianza na salamu ndefu kama inavyostahili, na aya ya tatu ikitaja kifungu cha 11.

Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo, iliyoanza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025, inawapa wenye nyumba za jamii, yaani halmashauri na mashirika ya nyumba, saa 24 kuchunguza hatari ya dharura na kuiondoa. Mpangaji wa mtu binafsi bado anategemea neno "muda unaofaa", na hapo ndipo nasema sheria imetupunja. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imeipa serikali uwezo wa kuwapelekea saa hizo wapangaji wote kwa kanuni. Kanuni hizo zitungwe, na ziweke kikomo pia kwa mara ambazo boila ile ile inaweza kuzibwa viraka kabla mwenye nyumba hajalazimika kuing'oa. Mbunge wa eneo lako ana anwani ya barua na siku ya kuonana na wananchi. Mimi nimemwandikia wangu, nikaambatisha picha za geji ile kwa siku 35, mshale ukiwa kwenye sifuri.