Pipa la kilabuni likitoboka, nani aseme?

Moto ndio uliotoa taarifa. Shangazi yangu alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi; amejaza ndizi mbivu na maji kwenye pipa la katikati, kuni zimeshika vizuri, mara akasikia tssss chini ya pipa. Ukapanda moshi mweupe, halafu maji yakaanza kushuka kwa mstari juu ya mafiga. Mikungu minne ya ndizi na siku nzima ya kazi vikaishia kwenye majivu. Alipouliza, ikajulikana kwamba wenzake watatu waliopika kabla yake wiki ile walikuwa wameliona pipa likitona. Mmoja alilikandika udongo. Wa pili alipunguza maji. Wa tatu alinyamaza tu, akamaliza pishi lake, akaenda zake.

Kilabu chenyewe kiko Marangu, na kwa anayevijua vilabu vya mbege hakina cha ajabu: mapipa matatu ya lita 200, paa la bati, bomba moja, banda la kuwekea kimea na kuni, choo nyuma ya migomba. Wanawake kumi na mmoja wanapika kwa zamu. Kila mmoja anakuja na ndizi zake, ulezi wake, magome yake ya msesewe ya kutia uchungu na kuni zake, na pombe akiuza fedha ni yake. Mapipa, bomba na banda ni vya wote. Utaratibu wa kuvitunza ni mwepesi kuusema: aliyepika anaosha, na kitakachoharibika "tutakitazama pamoja".

Baada ya mkasa ule likatolewa pendekezo. Kila anayepika alipe shilingi 3,000 kwa pipa. Nusu imlipe kijana wa kuangalia mapipa, bomba na banda kila asubuhi, nusu iingie kwenye kisanduku cha matengenezo. Mkutano uliisha kwa kelele. Tangu siku hiyo waliokataa wanasifiwa kuwa ndio wanaotetea umoja wa kinamama, na waliotaka tozo wanaitwa wavivu, watu wa mjini, wanaotaka kugeuza kilabu kuwa baa. Mimi naona hawa wa pili hawakusikilizwa vizuri, ingawa shangazi yangu, aliyemwagikiwa pishi, yuko upande wa kwanza.

Hoja zake si za kubeza. "Baba," aliniambia, "nikianza kumlipa mtu anioshee pipa, kesho nitamlipa mtu anionjee." Anachosema ni kwamba kuosha ni sehemu ya kupika. Aliyeinama ndani ya pipa na mchanga na majani makavu ya mgomba anaujua ukoko wake ulipo, anajua ni upande gani moto unakula zaidi, anajua pishi lijalo aweke kuni wapi. Mkabidhi mtu mwingine kazi hiyo, utakuwa unapika kwenye chombo usichokijua.

Tena wameshawahi kujaribu. Miaka michache nyuma waliajiri kijana kwa mwezi mmoja. Alikuwa na bidii kuliko walivyotarajia: aliosha mapipa, kisha akachukua miiko ya mti na vibuyu, akavisugua vyote kwa sabuni ya unga mpaka vikanukia kama shuka za hospitali. Pombe ya wiki ile ilichelewa kuiva, na ilipoiva kila kata ilikuwa na harufu ya ua lisilojulikana. Mbege haitiwi hamira ya dukani. Vijidudu vya kuichachusha vinatoka kwenye mazingira yake, vikiwemo vyombo venyewe, ndiyo maana mama anasuuza mwiko wake kwa maji ya moto na kuuanika, bila kuutia sabuni. Kijana hakuambiwa. Wanawake wale wanaicheka hadithi hiyo mpaka leo, na katika mkutano ndiyo iliyoiua hoja ya tozo kabla haijafafanuliwa.

Liko pia la fedha. Kisanduku kinahitaji mtu wa kukishika, na hakuna kijiji kisicho na hadithi ya kisanduku kilichokutwa kitupu. Ushuru wa kijiji unakusanywa kilabuni miaka nenda rudi, na hata bati moja halijarudi juu ya lile paa. Mtu akikwambia amechoka kuchangia asichokiona, humwiti mbishi.

Nimeyasema hayo kwa haki. Sasa niseme kinachonisumbua.

Tazama tena wale watatu waliokaa kimya. Kwenye kikao walilaumiwa kwa kukosa utu, na mmoja alilia. Mimi nawafahamu, na kukosa utu si tatizo lao. Chini ya utaratibu wa "tutakitazama pamoja", anayesema pipa limetoboka anajitwisha pipa hilo. Ataulizwa: lilitobokea mikononi mwa nani? Ataambiwa: haya, wewe uliyeliona, mtafute fundi wa kulichomelea, tutakurudishia. Fundi yuko mjini Himo, nauli ni yake, siku inayopotea ni yake, na kurudishiwa kutachukua mwezi. Mwaka juzi mama mmoja alisema koki ya bomba imelegea. Akaishia kuinunua mwenyewe, na hakurudishiwa hata senti. Wengine wote walijifunza. Ni afadhali ukandike udongo, upike, uondoke, likamfie mwenzako.

Kwa hiyo kinachoitwa wajibu wa pamoja, ukikitazama kwa karibu, ni mchezo wa kupokezana kitu kinachokaribia kuvunjika. Na mchezo huo hauwaumizi wote sawasawa. Wanaoumia ni wale wanaoishi karibu na kilabu, maana ndio wanaogongewa mlango, na wale wenye haya, maana hawawezi kupita wakajifanya hawajaona. Kati ya wanawake kumi na mmoja, kila ninapouliza nani alirekebisha nini, nasikia majina mawili yaleyale. Mmoja kati yao ana zaidi ya miaka sitini. Huo ndio umoja unaotetewa.

Wapinzani wa tozo wanapenda kukumbusha mifongo, na hapa nakubaliana nao kuliko wanavyodhani. Wachagga walichimba mifereji ile kuteremsha maji ya Kilimanjaro mashambani kabla wakoloni hawajafika, na waliitunza kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, bila mtu wa mshahara. Sawa kabisa. Lakini mfongo ulikuwa na mzee wake aliyejulikana, aliyeukagua na kupiga mbiu siku ya kazi, na asiyetokea alitozwa faini. Si ajabu faini yenyewe ikawa pombe. Kilabu chetu kina mbiu gani? Kina faini gani? Tumeirithi kauli ya mababu kwamba kazi ni ya wote, ila mzee wa mfereji na faini yake tumewaacha huko nyuma. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza mali za pamoja kama mifereji, misitu na malisho, na alichokuta kwenye zile zilizodumu kinafanana na mfongo: wanaotumia wamejiwekea sheria wenyewe, yupo mwangalizi anayewajibika kwao, na adhabu inaanza ndogo kisha inapanda. Tozo ya 3,000 na kijana wa asubuhi inafanana na mfongo wa babu kuliko zamu ya sasa inavyofanana nao.

Mtu atasema pipa ni pipa, likitoboka litanunuliwa jingine. Ndiyo, pipa ni pipa. Banda je? Paa la banda la kimea linavuja kwenye kona ya mashariki tangu masika yaliyopita, na kila mwenye gunia analisogeza gunia lake upande wa pili. Kila niingiapo pale nakumbuka Chitima.

Chitima ni mji mdogo katika mkoa wa Tete, Msumbiji. Januari 2015 watu walitoka msibani wakanywa pombe ya kienyeji, na 75 wakafa, akiwemo mama aliyeipika. Kwanza ulienea uvumi kuwa imetiwa nyongo ya mamba, kwamba kuna mtu mbaya alifanya makusudi. Uchunguzi wa maabara ukakuta kitu kisicho na uadui na mtu: asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria, na iliyotiliwa mashaka ni unga wa mahindi ulioharibiwa na maji ya mafuriko. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa. Unaweza kupika kutwa nzima, kuni zikaisha, nayo ipo.

Najua sisi tunatumia ulezi, na sidai kwamba kona ile inayovuja itatuletea Chitima. Ila ulezi wa kimea ni nafaka iliyokwisha kuloweshwa, ikaoteshwa, ikakaushwa. Ukilowa tena gizani kwenye gunia, ukungu haukawii. Na kinachonitisha zaidi ni ile kauli ninayoisikia kila nikitaja paa: "Moto unaua kila kitu." Hauui kila kitu. Paa lile lingegharimu mabati machache na misumari. Halijazibwa kwa sababu zilezile zilizolifanya pipa linyamaziwe: atakayesema ndiye atakayepanda juu.

Na pipa lenyewe lina la kwake. Kusini mwa Afrika madaktari walianza kuandika mwishoni mwa miaka ya 1920 kuhusu watu wenye chuma kilichozidi kwenye ini, na baadaye sehemu ya chanzo ikaonekana ni pombe ya kienyeji iliyochachushiwa ndani ya vyombo vya chuma. Pombe ina uchachu, inakula chuma, mnywaji anakunywa lita nyingi kwa miaka mingi, chuma kinalimbikizana mwilini. Kwetu maji ya ndizi yakishachemka huhamishiwa vyombo vingine, hivyo hatuko sawa nao. Lakini siku ndoo zikipungua nimeona yakilazwa humohumo kwenye pipa lenye kutu, kwa sababu ndoo za kilabu zilipasuka na hakuna aliyesema.

Turudi kwenye hesabu, maana kilichotisha watu ni hiyo 3,000. Kilabu kina mapishi sita kwa wiki, zaidi kidogo kukiwa na harusi. Hiyo ni 18,000: kijana anachukua 9,000 kwa kazi ya asubuhi tu, kisanduku kinabaki na 9,000. Kwa mwaka kisanduku kinafikisha 468,000. Pipa safi, lililobeba mafuta ya kula na si kemikali, shangazi alitajiwa 70,000 Himo. Weka mapipa mawili, mabati ya ile kona, koki, ndoo sita, na bado fedha zipo. Pishi moja lililomwagika lilimgharimu shangazi kuliko tozo ya miezi kadhaa. Lakini hasara ya pishi huja siku moja kwa mtu mmoja na huitwa bahati mbaya, wakati tozo inamgusa kila mtu kila wiki na inaitwa dhuluma.

Kwa upande wangu ningebaki na la shangazi kuhusu kuosha. Aliyepika aoshe pipa lake, na mwiko na kibuyu visiguswe na mtu wa kuajiriwa. Sabuni ya unga isikaribie banda. Kijana abaki na kukagua, paa, bomba, na choo, ambacho hakuna zamu iliyowahi kukifikia. Kisanduku kiwe na funguo mbili kwa watu wawili wasiokopeshana. Na jambo moja liandikwe ukutani kwa mkaa: anayesema kimeharibika halipi. Fedha ina faida nyingine ndogo ndogo, ila kwangu faida yake kubwa ni hiyo, kwamba mtu anaweza kusema "pipa linatona" na bado akarudi nyumbani na nauli yake.

Wanywaji, ambao ni wanaume zaidi, sijawataja. Wanakalia mabenchi yaleyale na kutumia choo kilekile, na kwenye mkutano walichangia ushauri kwa wingi.

Mkutano wa pili haujaitishwa. Wiki mbili zilizopita wanawake wanne walichanga, wakaenda Himo, wakarudi na pipa jipya juu ya pikipiki. Liko kilabuni, limefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, na ufunguo uko kwa mmoja wao. Wengine saba wanaruhusiwa kulitumia wakilikodi. Alhamisi shangazi alipikia humo. Nilimuuliza amelipa ngapi, akajifanya anapuliza moto. Baadaye alinitajia: 5,000.