Wape Watu Watatu

Anayesema michezo ya mezani ni ya watu wapole hajacheza Galaxy Trucker. Aliyeutunga ni Mcheki, Vlaada Chvátil, ukatoka mwaka 2007, na wazo lake ni la kihuni kabisa. Kuna kampuni inajenga mifumo ya majitaka kwenye sayari za mbali. Haitaki kulipia usafiri wa mabomba, kwa hiyo inawaambia madereva: yaungeni hayo hayo mabomba yawe chombo cha anga, rukeni nayo, mkifika mtalipwa. Kitakachodondoka njiani mnalipia wenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kupewa gari la tajiri alete hesabu jioni ataielewa kampuni hiyo bila kusoma maelekezo.

Boksi lilikuwa la binamu yangu, aliyekuja likizo kutoka Ujerumani akaliacha kwetu Tabata. Usiku ule tulikuwa wanne: mimi, shemeji yangu, Fundi wa mafriji anayepanga chumba cha uani, na Mwalimu. Umeme umekatika tangu magharibi, madirisha tumeyaacha wazi kwa joto, na mezani tuna taa moja ya kuchaji.

Utamu wa mchezo huu uko kwenye kuunda chombo. Vipande vinalazwa kifudifudi katikati, unachukua kwa mkono mmoja, unakitazama, hakifai unakirudisha, na hakuna cha zamu: wote mnaparamia kwa pamoja huku kachupa ka mchanga kanahesabu muda. Fundi, ambaye kazini akikuambia "kesho" ujue ni wiki ijayo, mikono ilikuwa haionekani. Shemeji alipachika mizinga mpaka ubavuni. Mwalimu yeye alijaza kabini za wanaanga, mzinga mmoja tu, akidai anajali utu. Changu kilikuwa kizuri, nasema bila kuona haya: ngao, betri, mabawa mawili yanalingana kila kitu.

Tukaruka. Mwalimu akiwa anaongoza, ikafunuliwa karata ya wateka watumwa. Hao wakikuzidi nguvu ya mizinga wanachukua watu wako, na mzinga mmoja hauwezi kumzuia mtu.

Mwalimu ana sauti ya kuongoza paredi bila kipaza sauti. "Wananichukulia watu wangu!"

"Wape watatu!" Fundi akamjibu. "Usibishane nao, wana silaha!"

"Waje kwangu!" akapiga kelele shemeji, anagonga meza. "Waje, nawamaliza wote!"

"Nimtoe nani sasa? Hawa wote ni wangu!"

"Toa yeyote," nikasema mimi, "usiku unakwenda."

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama jirani mwenye genge la mboga, amekaa barazani kwake gizani anapata upepo.

Tulichosikia sisi ni geti kupigwa kwa kitu kizito. Kisha sauti ya kiume: "Nyumba imezingirwa! Waachieni hao watu!" Kwa kuwa sisi tulijua fika kwamba humu ndani hakuna majambazi, tukapiga hesabu kwamba majambazi ndio hao wako nje. Shemeji, yule wa kuwamaliza wote, akazama chini ya meza na robo ya vipande vya mchezo. Fundi akachukua ufagio. Mwalimu akazima taa, sijui ili iweje, maana geti lenyewe halina komeo la maana na tayari tochi zilikuwa zinamulika uani.

Wakaingia vijana wa ulinzi shirikishi na marungu yao, nyuma yao mama wa genge ameshika mwiko, na mbele ya wote mjumbe wetu, mzee aliyestaafu udereva wa malori ya kwenda Kongo.

"Shikamoo mzee," tukasema kwa pamoja, kama darasa.

"Marahaba. Wale watu watatu wako wapi?"

Kimya. Fundi, mtu mkweli mpaka anakera, akafungua kiganja. Humo mlikuwa na vijitu vitatu vya plastiki, vina kofia za wanaanga. "Hawa hapa, mzee."

Mjumbe akavichukua kimoja kimoja, akavimulika. Mama wa genge akasonya sonyo ambalo nadhani lilisikika hadi Segerea, akarudi zake. Nikaanza kueleza: mzee, huu ni mchezo, haya ni malori ya angani. Neno malori likambadilisha uso. Akavuta kiti.

Akakitazama chombo changu kwa muda mrefu, kama anaangalia tairi kipara. "Huyu aliyepakia hivi ana leseni? Bawa zima limeshikwa na kipande kimoja. Hata mizani ya Vigwaza hufiki." Na shemeji kwa kuwa aligoma kutoka chini ya meza, mzee akakaa nafasi yake, tukaanza safari mpya.

Sisi tunahangaika kutafuta betri, yeye akaunga vipande vichache, injini za kutosha, hakuna bomba lililochomoza, akasema, "Mimi tayari, washeni," akachukua nafasi ya kwanza. Kwenye sayari anayeongoza ndiye anayechagua mzigo mwanzo, basi akapakia vya maana, sisi tukaokota makombo. Ikaja karata ya meli iliyotelekezwa, ambayo ukiacha watu wako wawili watatu unalipwa. Akakataa katakata. "Utingo haachwi porini." Vimondo vidogo vikaja, vikamgonga vikadunda. Kikubwa kikapiga kile kile kipande kimoja changu alichokisema, na bawa zima likaondoka na injini mbili. Mzee hakusema kitu. Aligeuka tu kuwatazama vijana wa marungu, nao wakatikisa vichwa kwa masikitiko, kama wameona lori limelala Kitonga.

Wale vijana wakawa wamejaa dirishani, kila mmoja na upande wake, wanashangilia. Ikafunuliwa karata ya maharamia. "Wamekuja!" wakapaza sauti wote. "Mpige, mzee! Mpige huyo!"

Simu ya mjumbe ikaita. Akaiweka sikioni, akasikiliza, mkono mwingine unatikisa dadu.

"Ndiyo, mama... Tabata, nyumba yenye mwembe... Nimeshafika, niko ndani, nawashughulikia. Na wewe funga mlango ulale." Akakata. "Haya, nani alikuwa anataka kunipiga?"