Siku Baba Mkubwa alipoanza safari ya Bagamoyo

Binamu yangu wa Tabata ameshaiweka ile video kwenye status, nusu ya ukoo mmeiangalia na nusu nyingine mnanipigia simu mkijifanya mnanijulia hali, kwa hiyo ngoja niseme mwenyewe. Sikuwa nimelewa. Nimetoka misani, nimekunywa soda moja tena ya moto, nilewe nini? Afu ile video inaanzia mi nikiwa tayari majini, maana yake hamjaona kitu. Walioona yale ya kabla wanajua kwa nini namshukuru Mungu kwamba jamaa alichelewa kuwasha kamera.

Ilikuwa kumbukizi ya mwaka mmoja ya Baba Mkubwa. Mliomjua mnajua, yule mzee kukaa ndani alikuwa hawezi. Jumamosi ikifika anapakia pikapu: mke, watoto, watoto wa wadogo zake ambao ndo sisi, mtoto wa jirani aliyeamka mapema, jiko la mkaa, dumu la maji, mishipi. Leo Pugu msituni, wiki ijayo Kunduchi kuvua, likizo ikifika Mikumi, karibu kilomita 280 tunakula upepo nyuma ya pikapu. Na peke yake alikuwa haendi popote, hata akienda feri kununua chambo lazima abebe watoto watatu, wanaume wenzake wanamcheka yeye anawanunulia watoto miwa. Mi kusoma maji nimejua kwake kabla sijajua kusoma saa. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa mpaka yanatisha na yanakupwa mpaka unatembea kwa mguu kutafuta pweza, katikati hapo ni maji mafu. Alikuwa anatuuliza maswali haya tukiwa tunakula, ukikosa unaosha vyombo.

Sasa Mama Mkubwa akasema hataki ukumbi wala turubai mtaani, kumbukizi ikafanyike Mbudya. Sawa. Kwa mnaoishi mbali, Mbudya ni kisiwa, unapanda boti Kunduchi, ni eneo tengefu la bahari tangu 1975 kwa hiyo kuna kiingilio, kuna mibuyu, kuna vibanda vya makuti na samaki wa kukaanga. Kitu ambacho hakuna ni gati. Boti inasogea mpaka inapoweza, we unaruka majini unatembea. Kila mtu wa Dar analijua hilo.

Mi nikavaa suti.

Msianze. Kamati ya ukoo ilinipa kusoma wasifu na kubeba picha ya marehemu, na msoma wasifu havai kaptula. Wengine wote walivaa zile tisheti nyeupe zenye sura ya Baba Mkubwa kifuani, mi nikaona mtu mmoja lazima aonekane mtu mzima. Na picha yenyewe haikuwa ya mchezo, fremu ya mbao kubwa kama meza ya kahawa, afu juu badala ya kioo fundi wa Kariakoo akaniwekea plastiki, akaniambia kioo kitapasuka kwenye boti. Ushauri mzuri sana ule, subirini.

Tulipanga kuondoka saa nne. Tumeondoka saa nane, kamati ilikuwa inasubiri wali. Ilikuwa bamvua, na bamvua kwetu hapa saa tisa saa kumi hivi jioni ndo maji yanafika mwisho wa kujaa, mzee angekuwepo angetugombeza wote na kamati yetu. Halafu kusi inapuliza ile ya Agosti. Boti ikafika inachezacheza, watu wakaanza kushuka, Mama Mkubwa mwenyewe na miaka yake akapandisha kanga akaruka vizuri kabisa akapigiwa makofi. Wakashuka wote. Nikabaki mimi na picha.

Nahodha akaniambia, "Bosi, subiri wimbi lipite, afu ruka." Nikamwambia nimezaliwa hapa. Picha nimeikumbatia kwapani, wasifu uko mfuko wa ndani wa koti, viatu nimevua nimevifunga kamba shingoni. Nikatoa mguu wa kulia nje. Nikaupeleka chini taratibu ukagusa maji, nikaona mbona kitu rahisi. Hapo wimbi likaja. Boti ikaenda kulia mi nikabaki kushoto, yaani mguu mmoja uko botini mwingine unatafuta mchanga, na kati ya hiyo miguu miwili umbali unaongezeka. Nilikuwa na muda wa kufikiri kabisa. Nilifikiri nitupe picha nishike boti, nikajijibu huwezi kumtupa Baba Mkubwa mbele ya mke wake. Nikafikiri kumwita nahodha, sauti haikutoka. Pwani ukoo mzima umenyamaza unaniangalia, sura ya Baba Mkubwa kwenye kila kifua, ishirini na kitu hivi, wote wanatabasamu.

Kikatoka kile kitu. CHAAA. Suruali, kutoka kwenye zipu kuzunguka mpaka kwenye mkanda kwa nyuma. Na ndani siku hiyo nilikuwa nimevaa bukta ya mtumba yenye picha za ndizi. Kuna shangazi mmoja nilimsikia kabisa akisema, "Yesu wangu, ndizi."

Ndo nikadondoka.

Nilipoibuka nimemeza maji ya kutosha, viatu vinaninyonga, naangalia kwapani hamna picha. Afu katoto ka dada kakapiga kelele kwa furaha kabisa: "Babu anaogelea!" Nageuka. Baba Mkubwa yuko mgongoni, uso juu, anatabasamu, anaondoka zake. Mbao na plastiki, ingekuwa kioo angezama pale pale tukamwokota. Kusi inamsukuma, mkondo wa bahari yetu nao unakwenda kaskazini, kwa hiyo mzee kashika njia ya Bagamoyo na spidi anayo.

Watu wakaanza kupiga kelele, "Mzee! Mzee anakwenda!" Mama Mkubwa kasimama mchangani mikono kiunoni, nikajua analia. Wapi. Anacheka mpaka anashindwa kusimama, anasema, "Mfuateni jamani, huyo kwenda peke yake hajazoea!"

Sasa kulikuwa na dada wa kizungu kajilaza zake bandani. Kusikia mayowe akaja mbio kumuuliza binamu yangu kuna nini, na binamu na Kiingereza chake cha Tabata akamwambia yule kule ni baba yetu, amekufa. Hakudanganya! Dada wa watu hakuuliza la pili, akajitosa, anakata maji vibaya mno, sisi huku tunapiga kelele arudi yeye anadhani tunamshangilia. Video ndo inaanzia hapa, yule ndo anayeogelea, mi ni yule mwingine aliyesimama kwenye maji ya kiuno kashika makalio kwa mikono miwili. Alimfikia, akakaa kidogo anamwangalia, afu akarudi naye kifuani akamlaza mchangani kwa heshima zote. Tukampa sahani ya wali na tisheti.

Mengine ya kawaida. Mama Mkubwa akanifunga kanga yake, wasifu ulikuwa umelowa wino umekimbia wote nikasoma kwa kichwa, nikafika pale pa Kilimanjaro nikasema kwa sauti kubwa marehemu alifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwa sababu mi siku zote nilijua hivyo. Mama Mkubwa akanikatisha mbele za watu. "Aliishia Gilman's, pale ukingoni mwa kreta kabla ya Uhuru, 5,685. Dada yako alianza kutapika, baba yake akasema kama mwanangu anashuka na mimi nashuka. Cheti cha kijani cha wanaoishia Gilman's kiko sebuleni miaka yote, hamsomagi?" Dada mkubwa akaangalia pembeni. Nikaendelea na mengine haraka haraka, tukasali, tukala, boti ya kurudi nikapanda wa kwanza.

Binamu nimemwomba afute amesema atafikiria. Nahodha kaniomba namba, anasema siku nikienda tena anataka kuwaita na wenzake. Na suruali nimeipeleka kwa fundi hapa mtaani, kaigeuza geuza, akaniuliza kama huwa navaa kaptula.