Aliye Upande wa Pili wa Mpaka: Kuhusu Waendesha Redio wa Ridhaa Wanaorusha Nje ya Masafa Waliyoruhusiwa

Mwendesha redio wa ridhaa, yaani mtu mwenye leseni ya kuzungumza na wenzake kwa redio kwa kujifurahisha na si kwa biashara, anapozungumza katika masafa (namba za mawimbi ya redio) ambayo leseni yake haimruhusu, hakuna kengele inayolia wala mtambo unaogoma. Sauti yake hutoka, hupaa, hurudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka alipo, na mara nyingi hujibiwa. Ndiyo maana mjadala kuhusu kosa hili hauishi miongoni mwa wenye leseni. Wapo wanaoshikilia kwamba mpaka wa masafa ni sheria na anayeuvuka aadhibiwe, na wapo wanaouliza ni nani hasa aliyedhurika. Swali hilo la mwisho hupuuzwa upesi mno, kana kwamba ni kisingizio tu. Kwa maoni yangu ndilo linalofaa kuwa kipimo, mradi lijibiwe mpaka mwisho, kwa sababu mipaka yenyewe si ya aina moja na aliye upande wa pili si yule yule kila mara.

Mpaka ulio mzito kuliko yote ni ule unaotenganisha bendi za ridhaa, yaani vipande vya masafa walivyotengewa waendesha redio hawa, na masafa ya ndege, meli, polisi na zimamoto. Hapa utetezi ni mwembamba, lakini upo. Mwezi Julai 2021, moto wa msituni ulipokuwa ukiwaka karibu na Elk River katika jimbo la Idaho, Marekani, mtu mmoja mwenye leseni ya ridhaa aliingia katika masafa ya Huduma ya Misitu ya nchi hiyo na kuwapa wazima moto taarifa alizoamini zingewasaidia. Mwaka 2022 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, ilipendekeza atozwe faini ya dola 34,000. Wengi waliona kiasi hicho ni ukatili kwa mtu aliyekuwa na nia njema, tena kanuni za ridhaa za Marekani zenyewe zinaruhusu njia yoyote ya mawasiliano itumike pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini papo hapo. Hata hivyo ruhusa hiyo ina sharti ambalo watetezi wake huliruka: mawasiliano ya kawaida yawe hayapatikani. Wazima moto wale walikuwa na mawasiliano yao, na msimamizi mmoja alilazimika kuacha kazi ya moto na kwenda mwenyewe kumtafuta msemaji yule ili amwambie akome. Nia njema haimpunguzii mzigo aliye kwenye moto anaposikia sauti asiyoitambua ikitoa taarifa ambazo hana namna ya kuzithibitisha.

Suala la vifaa linaingia hapa. Redio nyingi za ridhaa hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa zisirushe nje ya bendi zake, na baadhi ya wamiliki huifungua ile kufuli kwa kukata diodi moja, kijisehemu kidogo cha umeme, ndani ya mtambo, wakisema wanajiandaa kwa dharura. Redio ndogo za mkononi za bei nafuu, kama zile za Baofeng, zimekuwa zikiuzwa zikiwa na uwezo wa kurusha katika masafa mapana yanayochanganya ya ridhaa na ya huduma nyingine, jambo lililoifanya FCC itoe onyo rasmi mwaka 2018. Sioni ubaya wa mtu kumiliki uwezo ambao hautumii. Ila kwa mnunuzi mgeni, redio inayokubali kila namba anayoiingiza haimwambii lolote kuhusu mpaka, na hapo lawama haiwezi kuwa yake peke yake.

Mpaka wa pili ni ule wa kijiografia. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limeigawa dunia katika kanda tatu: Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati katika kanda ya kwanza, mabara ya Amerika katika ya pili, na sehemu kubwa ya Asia pamoja na Pasifiki katika ya tatu. Kwa mgawo huo, sauti iliyo katika kilohezi (kipimo cha masafa) 3,850 ni halali kwa Mmarekani na ni kosa kwa Mjerumani, maana kanda ya kwanza bendi ya mita 80 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake) inaishia 3,800. Bendi ya mita 40 ina historia yenye mvutano zaidi. Kwa miaka mingi kipande cha 7,100 hadi 7,200 kilikuwa cha ridhaa katika Amerika na cha vituo vya utangazaji kwingineko, hadi mkutano wa dunia wa ITU wa mwaka 2003 ulipoamua watangazaji wahame, uamuzi ulioanza kutekelezwa Machi 2009. Waliofaidika ni wale waliosubiri na kujadiliana kupitia vyama vyao. Laiti wangekuwa wamezoea kujichukulia, sijui wangeliombaje shirika la kimataifa liwaamini na kilohezi mia nyingine.

Mpaka wa tatu, ulio mgumu kuliko yote kuuamua kwa haki, ni ule uliochorwa ndani ya bendi ya ridhaa yenyewe kati ya daraja moja la leseni na jingine. Marekani ndiyo mfano wake mkuu. Katika bendi ya mita 20, mwenye daraja la Extra, lililo la juu kabisa, anaruhusiwa kuzungumza kwa sauti kuanzia kilohezi 14,150, ilhali mwenye daraja la General, lililo chini yake, lazima asubiri hadi 14,225. Kituo adimu cha ng'ambo kikisema kinasikiliza kwenye 14,205, majirani wawili wenye redio na antena zinazofanana hawana haki sawa ya kukijibu. Yule wa General akijibu, wimbi lake halitofautiani hata kidogo na la mwenzake. Huduma nyingine haiguswi, na kituo cha ng'ambo hakijui wala hakijali daraja lake.

Hoja hii ina nguvu, na historia inaiongezea uzito. Vipande hivi havikutokana na fizikia. Vilianza kutumika Novemba 1968, FCC ilipotaka kuwahamasisha wenye leseni wasome zaidi na kupanda madaraja, na njia iliyotumika ilikuwa kuwanyang'anya wenye General vipande walivyokuwa wakivitumia kihalali hadi siku hiyo. Uchungu uliotokana na uamuzi ule ulidumu kwa miongo. Tena Uingereza hutofautisha madaraja zaidi kwa nguvu ya kurusha, na bendi zake hazijasambaratika kwa sababu hiyo. Anayesema kwamba kipande cha daraja ni zawadi ya mtihani na si kinga ya mtu yeyote, anasema kweli.

Hata hivyo kweli hiyo haimfikishi anakotaka. Anayedhurika ni yule wa General mwingine anayesikia kituo kile kile, anayekitamani vilevile, na ambaye amenyamaza kwa sababu leseni yake haimruhusu. Nafasi ya kujibiwa na kituo adimu ni chache, na mwenye kuvuka anaichukua kutoka kwa aliyejizuia. Ni dhara dogo, lakini lina mwenyewe, na hilo ndilo hunifanya nisikubali maneno kwamba hakuna aliyeumia.

Ni tofauti pale sauti inapoingia katika kipande kilichotengewa Morse, yaani ujumbe wa milio mifupi na mirefu. Hapo fizikia inarudi. Ishara ya Morse huchukua upana wa hezi mia na kidogo, na sauti ya kawaida huchukua karibu kilohezi tatu, kwa hiyo msemaji mmoja anaweza kufunika mazungumzo zaidi ya kumi kwa mpigo mmoja. Kosa hilo na lile la daraja huandikiwa barua zinazofanana, ingawa uzito wao haulingani.

Lazima pia tumtenge yule asiyejua kwamba amevuka. Namba inayoonekana kwenye kioo cha redio si mahali sauti yote ilipo. Katika mtindo wa upande mmoja wa wimbi, sauti hukaa juu ya namba hiyo au chini yake. Anayeweka 14,348 kwa upande wa juu anafika 14,351, nje kabisa ya bendi ya ridhaa inayoishia 14,350. Mwenye General anayeweka 7,176 kwa upande wa chini, kama ilivyo desturi ya mita 40, anashuka hadi 7,173, ilhali ruhusa yake ya sauti inaanzia 7,175. Hesabu hii ni nyepesi kwa aliyeizoea, na ni mtego kwa aliyefaulu mtihani mwezi uliopita.

Mtego mkubwa zaidi ulikuja na FT8, mtindo wa kidijitali uliotolewa mwaka 2017 na kuenea kwa kasi. Programu yake humpa mtumiaji orodha ya masafa tayari, likiwamo 7,074. Mwenye daraja la Technician, lililo chini ya General, nchini Marekani anaruhusiwa kuwa katika masafa hayo kwa Morse tu. Akibofya chaguo lililo mbele yake, amevunja kanuni akiwa ndani ya kipande chake mwenyewe, kwa sababu mtindo ndio usioruhusiwa. Na hajifichi: alama ya kituo chake hurushwa katika kila mazungumzo, kisha vituo vinavyopokea huituma kwenye ramani za intaneti ambazo kila mtu anaziona. Mtu anayejiandika hadharani namna hiyo si mhalifu, ni mtu ambaye hakuelezwa.

Utaratibu wa Marekani unatambua hilo kwa kiasi fulani. Tangu mwaka 2020, kwa makubaliano na FCC, wasikilizaji wa kujitolea wa ARRL, chama cha waendesha redio wa ridhaa wa Marekani, hufuatilia bendi, na anayekutwa nje ya ruhusa yake hupelekewa barua ya kumjulisha kabla ya jambo kufika kwa tume. Wapo wanaouita utaratibu huu ujirani wa kuchunguliana, na hofu yao si ya bure, kwa kuwa msikilizaji mwenye chuki anaweza kumwandama mtu. Lakini wasikilizaji hao hawana mamlaka ya kuadhibu, na barua ya mwenzako anayejua kazi inafundisha kuliko faini. Ningependa barua hiyo iambatane na hatua nyepesi zaidi: programu zimuulize mtumiaji daraja na nchi yake, kisha zimwonye kabla hajarusha.

Kwa yule anayeamini kipande chenyewe hakina haki, njia ipo. Mwaka 2018 ARRL iliiomba FCC iwape wenye Technician sauti na mitindo ya kidijitali katika sehemu za bendi za masafa mafupi walizofungiwa. Ombi kama hilo linaeleza hoja ile ile ambayo mvukaji huitoa kwa kubonyeza kitufe usiku, tofauti ikiwa kwamba linaposomwa mbele ya tume, yule jirani wa General aliyenyamaza naye anapata nafasi ya kusema.